Nina la kuamkia: maisha yangu baada ya kustaafu, Ngamiani Tanga

Naandika hii kwa wenzangu mliostaafu juzijuzi au mnaohesabu miezi, hasa wanaume, maana wanawake naona hili jambo wanalo tangu zamani hata bila kufundishwa na mtu. Watu wananiuliza sana, mzee mbona umechangamka kuliko ulivyokuwa kazini, una siri gani, wengine wanadhani kuna dawa nakunywa. Hakuna dawa. Nina benchi la mbao, boksi la spana, beseni la maji na pampu, chini ya mti wa mkungu hapa Ngamiani, natengeneza baskeli. Lakini kufika hapo kuna maelezo marefu na nataka niyaseme yote, kwasababu naona wazee wa rika langu wananyauka wakiwa hai, mtu alikuwa fundi mkubwa, alikuwa nahodha, alikuwa mwalimu mkuu, saivi anashinda barazani na msuli toka asubuhi anasubiri chakula cha mchana, na akili yake bado nzima kabisa. Inaniuma.

Mimi ni mtoto wa mkonge. Baba yangu aliletwa Tanga kutoka Kigoma enzi za Mwingereza, walikuwa wanachukuliwa na Silabu, ile ofisi ya matajiri wa mkonge ya kutafuta vibarua mikoani, huku wakaitwa manamba. Mkataba ukiisha unarudishwa kwenu, yeye hakurudi, alishamuona mama, Mbondei wa Muheza, akabaki. Kazi yake ilikuwa kukata. Vijana wa leo hawajui kukata mkonge ni nini, jani lina mwiba mkali nchani, utomvu wake ukikugusa ngozi inawasha mpaka usiku, unakata unafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na kibarua ana kipande chake, kadi ya siku 30, siku haiandikwi mpaka kazi uliyopimiwa iishe. Alifanya hivyo mpaka mgongo ukakataa. Pensheni hakupata. Uzee wake aliumalizia kwetu, na ninachokumbuka ni kwamba kila asubuhi alikuwa anakaa na jiwe la kunolea, majirani wanamletea mapanga na visu, ananoa, hadai kitu, wengine wanamwachia muhogo au nazi. Mama akimwambia sasa si upumzike, anajibu, ndo napumzika. Nilikuwa kijana, nikaona ni mazoea tu ya mtu aliyeshika panga maisha yake yote. Lile jibu lake nimekuja kulielewa nikiwa nimevuka sitini.

Mimi nikabahatika kusoma kidogo nikaingia ufundi. Nilikuwa fundi mitambo kwenye korona, huo ndo mtambo wa kuchakata mkonge, jani linaingia huku linapondwa, ngoma zenye visu butu zinakwangua nyama ya jani, maji yanaosha, upande wa pili zinatoka singa zinapelekwa kuanikwa kwenye waya juani. Katika uzito wote wa jani singa ni kama asilimia 4 tu, kwahiyo mtambo unakula mzigo mkubwa mno ili utoe singa kidogo, na ukisimama, majani yaliyokwisha kukatwa yanaanza kukauka na watu wengi wanakaa bila kazi wanakuangalia wewe. Fundi wa korona ni mtu wa kutafutwa. Usiku unagongewa, sikukuu unagongewa, msibani unafuatwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema siku nikistaafu nitalala mpaka nichoke kulala.

Mkonge ulipitia mengi. Uliingia huku 1893, Mjerumani Richard Hindorf ndo aliuleta, mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga, na mwanzoni mwa miaka ya 60 tulikuwa wa kwanza duniani, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka, mwishoni mwa miaka ya 90 nchi nzima inatoa kama tani elfu 20. Mitambo ikafungwa mmoja baada ya mwingine, wenzangu wakapunguzwa kazi wakiwa na miaka arobaini na kitu na watoto wadogo nyumbani. Mimi nikafika miaka 60, mwaka 2017, jina langu bado limo kwenye karatasi ya mshahara. Naomba hili ulishike vizuri maana shukrani yangu inaanzia hapo, haianzii kwenye baskeli. Kufika sitini ukiwa una mfuko wa pensheni ni kitu ambacho baba yangu hakukipata na wenzangu wengi niliopiga nao spana hawakukipata. Mpaka leo huku bara mzee ambaye hakuajiriwa hana cha uhakika cha kila mwezi, labda kaya yake iwe imeingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wakati wenzetu Zanzibar tangu 2016 ukifika miaka 70 unapata pensheni jamii, hawakuulizi ulifanya kazi wapi. Natamani nilione na huku kabla sijafa.

Basi nikastaafu. Pilau likaliwa, hotuba zikatolewa, nikapewa mabati. Kesho yake nikaamka saa kumi alfajiri kama siku zote, nikaswali, nikakaa. Hakuna anayegonga. Kesho kutwa hivyohivyo. Mama watoto ana mambo yake, ana kikundi chao cha kuweka na kukopa, ana mikate ya kumimina anayopelekea watu wa hoteli, ana maulidi, ana wagonjwa wa kwenda kuwaona, ile nyumba ilikuwa na ratiba yake miaka mingi bila mimi, na alinipokea vizuri sana lakini ratiba ya mtu ni ya mtu. Usingizi ukakimbia. Presha ikapanda. Nikawa nasubiri mchana ili nisubiri jioni.

Ushauri niliupata mwingi na wote ulikuwa wa hela. Fuga kuku wa kisasa, nunua bajaji umpe kijana akuletee hesabu, kanunue shamba la machungwa Muheza. Siwabezi, wapo waliofanya wakafanikiwa. Ila nilivyokuwa nawaangalia wastaafu ninaowajua nikaona kuna wenye hela na wamenyauka, na kuna wasio nazo na wamechangamka, kwahiyo hela haikuwa inajibu swali langu. Hela ya ugali ilikuwepo, watoto wanatuma, pensheni ipo hata kama ni ndogo. Nilichokosa mimi ni mtu wa kunigongea.

Baskeli zilikuja zenyewe. Tanga ni mji wa baskeli, mnajua, mji wenyewe tambarare, mtu anakwenda nayo bandarini, anabebea samaki kutoka soko la Deep Sea, anabebea maziwa, anabebea mke na mtoto, na wanafunzi wengi wanakwenda nayo shule. Mtaani kwetu kulikuwa na binti wa kidato cha pili anasoma mbali, asubuhi moja ya mtihani tairi la nyuma limelala, anaisukuma huku analia. Nikamwambia lete mwanangu. Nikatuma mtoto dukani akaleta solushoni na kiraka, nikaziba, akawahi. Jioni akarudi kushukuru yuko na mwenzake ambaye breki hazishiki, kesho yake wakaja wengine, na haikupita muda nikajikuta nimelala kitandani nawaza rimu ya mtoto wa watu imepinda wapi na nitainyoosha vipi. Yaani nalala nikiwa na la kuamkia. Nilikaa kitandani gizani nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka mama watoto akaamka akauliza kuna nini.

Kabla sijaweka benchi nilifanya jambo moja ambalo nawasihi wenzangu mlifanye. Pale kona kuna kijana fundi baskeli, ana mke na watoto, ile ndo riziki yake. Nikamfuata nikakaa naye nikamwambia mwanangu, mimi nina pensheni, sitaki kuchukua wateja wako, nataka nishughulike na wanafunzi na wazee, hao nitawachaji bei ya kiraka au kifaa tu, mwenye baskeli ya biashara nitamleta kwako. Akanyamaza kidogo, akasema baba, hata mimi hao wanafunzi nikiwarudisha roho inaniuma lakini nyumbani nako wanasubiri unga. Tukapeana mikono. Saivi ananiletea rimu zilizomshinda, mimi namwazima spana, Ramadhani tunafuturu pamoja. Mstaafu ukiingia sokoni kugombania wateja na kijana asiye na kitu, hela unaweza ukapata, heshima ya mtaa huipati, na uzee bila heshima ya mtaa ni mgumu kuliko uzee bila hela, nimeuona kwa macho.

Kazi yenyewe niieleze kidogo maana naipenda. Pancha watu wanaidharau. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande unatafuta mapovu. Ukiyaona usiishie hapo, izungushe yote, mara nyingi kuna tundu la pili, na kabla hujarudisha tyubu unapitisha vidole ndani ya tairi taratibu unatafuta mwiba wenyewe, ukiuacha umefanya kazi bure. Halafu unakausha, unapiga msasa, unapaka solushoni, unasubiri. Hapo pa kusubiri ndo mafundi wengi wanaharakisha, wanabandika solushoni ikiwa bado mbichi na kesho kiraka kinabanduka. Inatakiwa ikauke mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isikunate. Na zile dakika za kusubiri ndo zimenipa marafiki kuliko miaka yote ya korona, kule ungeongea nini na mtambo unaunguruma, hapa mtoto kakaa juu ya ndoo, hana pa kwenda, namuuliza za shule, naye ananiuliza zangu. Nimejua mambo ya mtaa ambayo sikuyajua nilipokuwa naishi hapahapa nakuja kulala tu, nani anakwenda shule hajala, nani baba yake kaondoka hajarudi, nani ana kichwa kikali cha hesabu na hana wa kumsukuma. Mengine nayapeleka kwa mama watoto, yeye anajua pa kuyafikisha bila mtu kuaibika, na hapo ndo mimi na yeye tumepata kazi ya pamoja uzeeni, kitu ambacho hatukuwa nacho tulipokuwa tunalea, kila mtu alikuwa na zamu yake. Utu uzima dawa, ni kweli, lakini dawa iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu.

Halafu kuna spoku. Zile baskeli kuukuu nyeusi za magurudumu ya inchi 28, za breki za vyuma, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma maana mzigo unakaa nyuma, nyingi za sasa ni 36 huku na 36 huku. Rimu ikipinda hutumii nyundo, unakaza upande mmoja unalegeza wa pili, robo mzunguko, robo mzunguko, unazungusha unaangalia, halafu unazigonga na spana moja moja unasikiliza mlio, iliyolegea inalia nzito. Macho yangu yamepungua, la kushoto lina mtoto wa jicho ameanza, lakini masikio yamefundishwa na korona miaka mingi na vidole bado vinahisi. Sitaki kumdanganya mtu hapa. Uzee unachukua. Umeshachukua goti langu moja, unachukua usingizi, unachukua majina ya watu ninaowajua kabisa. Ila nilivyokaa na ile rimu ya kwanza nikainyoosha kwa kusikiliza tu, nikaona nimebakiwa na vitu vingi sana ambavyo vilikuwa vimekaa bure kwasababu hakuna aliyevihitaji, na shukrani ikanijia yenyewe. Zamani nilikuwa nashukuru kwa mdomo, baada ya swala, maneno yaleyale. Saivi nashukuru nikiwa nimeshika kitu.

Watoto wangu sasa. Mkubwa yuko Dar, alipoona picha yangu nimekaa benchini mikono ina grisi akapiga simu usiku, baba kwani hela hazitoshi, niambie niongeze, watu watasema tumemtelekeza mzee anaziba pancha barabarani. Sikumkasirikia. Maneno yale yana mapenzi ndani yake na mila zetu ndo zinasema hivyo, mzee aliyelea akae atunzwe. Nikamwambia mwanangu, kunitunza mnanitunza na Mungu atawalipa, lakini nilipokaa tu kutunzwa nilikuwa nakwisha, sikuwaambia. Akanyamaza muda mrefu. Iddi alipokuja nikamwambia kesho asubuhi njoo ukae na mimi pale, usifanye kitu, kaa tu. Akakaa. Akaona watoto wanavyopita, shikamoo babu, shikamoo babu, akaona wazee wenzangu wamekaa na kahawa wanazozana kuhusu timu zetu za mpira, Coastal na African Sports, akaona mama mmoja kaleta bada na samaki wa nazi kwasababu baskeli ya mwanawe inatembea. Siku ile hakusema neno. Aliporudi Dar ukaja mzigo kwa basi kutoka Kariakoo, tyubu, spoku, viraka, gololi, cheni. Na dada yake ambaye ni nesi akanitumia maelezo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, ulianza 1938 na unaendelea mpaka leo, wamewafuatilia watu toka ujana mpaka uzeeni, waliosoma chuo na waliokulia mitaa ya kimaskini ya Boston, na walichokikuta ni kwamba kinachowaweka watu na afya na furaha uzeeni zaidi ya hela na umaarufu ni uhusiano mzuri na watu wao. Mwisho kaandika, baba endelea na benchi lako. Nikamsomea mama yake, akasema ndo maana bibi yake aliyeishi miaka mingi hakuwahi kula peke yake hata siku moja.

Katika wote wanaokuja benchini lazima nimseme mwenzangu mmoja, alikuwa mwendesha winchi bandarini, mtu wa nguvu na maneno. Kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia na ulimi kidogo. Hospitalini yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia mkono uutumie, kazi ndogondogo za kurudiarudia kila siku, akapewa mpira wa kubonyeza. Akawa anauficha chini ya mto. Mtu aliyepakua meli, umwambie abonyeze mpira mbele ya wajukuu, anaona ameisha. Mke wake akaja kuniambia shemeji, mwenzio analia usiku. Nikaenda nikamwambia ndugu yangu nina shida, kopo langu la gololi limechanganyika, ndogo za haba ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, na zile za robo inchi za nyuma, na jicho langu hili halitofautishi vizuri, njoo unisaidie. Na ilikuwa kweli, sikumtungia. Mjukuu akamleta na bajaji. Mwanzoni anazidondosha, zinabingirika, watoto wanaziokota wanamrudishia kiganjani na hakuna anayecheka, watoto wa mtaa huu wana adabu jamani. Ilichukua muda mrefu sana. Kisha vidole vikaanza kushika, kikaanza cha gumba na cha shahada, akahama kwenye kutenganisha akaanza kuzipanga kwenye grisi, haba ya mbele gololi kumi kila upande, ya nyuma tisa tisa, na anazihesabu kwa sauti, na mimi naamini kule kuhesabu kumemsaidia na ulimi. Mkono haujarudi wote na alishaambiwa labda hautarudi wote. Lakini asubuhi anavaa shati limepigwa pasi, anamwambia mkewe nakwenda kazini. Anasema kazini.

Nimelifikiria sana hili. Kilichomsaidia mwenzangu si huruma, huruma alikuwa nayo nyumba nzima imejaa. Alihitajika kweli, kwa kitu cha kweli, kisingefanyika bila yeye. Mzee ukimtungia kazi ya kumpoza atajua siku hiyohiyo na ataumia zaidi. Kwahiyo nyie watoto wenye wazazi wakubwa nyumbani msimwambie baba kaa pumzika kila akinyanyuka, na msimpe vitu vya kuchezea, mtafutieni kitu ambacho nyie wenyewe hamkiwezi na yeye anakiweza, kipo, ukitafuta kipo, awe anajua kusuka ukili au kusimulia koo za watu au kukagua daftari za hesabu, kisha mumtegemee kwa hilo mpaka akichelewa muone pengo.

Yule binti wa mtihani saivi yuko kidato cha nne. Aliomba kujifunza, nikaenda kwanza kwa mama yake kuomba ruhusa, akaridhia, Jumamosi anakuja na mdogo wake wa kiume. Ana sikio kunizidi, spoku iliyolegea anaijua kabla sijagonga. Yeye ndo kanifundisha simu, kuandika, kutuma picha, kutafuta kitu, hata haya maandishi nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja kwa mafunzo yake, akiwa ananisubiri nimalize sentensi bila kuninyang'anya simu. Nilidhani mtu akifika umri huu kazi yake ni kufundisha tu. Kumbe kufundishwa na mtoto, naye akaona umeelewa akafurahi, ni utamu mwingine kabisa, na natamani kila mzee aupate.

Mwili nautunza ili niendelee kufika benchini, sina sababu nyingine. Baada ya alfajiri natembea kuelekea baharini, Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani hata kwa sisi wazee, nikijumlisha kutembea kwangu nazivuka. Dawa za presha sijaacha na nisije nikasikia mtu kaacha dawa zake kwasababu amesoma habari ya baskeli, benchi halichukui nafasi ya daktari. Na hospitali za serikali kuna dirisha la wazee, kuhudumiwa kwetu kwanza kumo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, nendeni mkapime, msisubiri kuanguka.

Tumezika pia. Mmoja wa wale wa kahawa, rafiki wa tangu shule ya msingi, alikaa na sisi jioni na asubuhi tukaitwa. Sitasema kwamba kuwa na shughuli kunaondoa hiyo, hakuondoi, nilirudi kutoka makaburini nikakaa mbele ya baskeli iliyofunguliwa nusu na mikono haikutaka kufanya chochote. Ila kesho yake yule mwenye baskeli alikuwa na shule. Nikaifunga. Mwenzangu wa winchi akawa ananipa gololi moja moja, hatuongei, na watoto wa mtaa walikuja wakakaa tu bila kuwa na pancha. Nilishukuru kwamba marehemu siku zake za mwisho alikuwa na pa kwenda na watu wa kubishana nao mpira, na jirani zake wanajua alikuwa anakunywa kahawa bila sukari. Kuna watu wanazikwa na majirani wanaulizana alikuwa anaitwa nani.

Mwezi uliopita mwalimu wa shule moja ya sekondari hapa mjini alikuja benchini mwenyewe. Wanafunzi wake wengi wanachelewa kwa sababu ya baskeli mbovu, anaomba nifundishe kikundi pale shuleni, saa za baada ya masomo. Nimekubali. Tutakwenda watatu, mimi, mwenzangu wa gololi, na kijana wa kona ambaye shule itamlipa kidogo kwa kila siku atakayofika, hilo nililiomba kabla ya jingine lolote. Binti atasaidia upande wa wasichana, wengi wanaona haya kushika spana mbele ya wavulana. Tunachokosa ni rimu na fremu za kufanyia mazoezi, hata zilizokatika. Kwahiyo mwenye baskeli imelala nyuma ya nyumba, ya 28 au ya 26, ina kutu haina kutu, asiuze chuma chakavu kwanza, aulizie Ngamiani kwa babu wa baskeli chini ya mkungu, tutaifuata na mkokoteni.